Raba, poliyurethani au boljointi: kufufua miguu ya nyuma na tumbo la Impreza WRX ya zamani

Mwenye Subaru Impreza WRX ya umbo la GC8, lililoanza kuuzwa Japani Novemba 1992, au la GD lililofuata mwaka 2000, akilalamika tu kwamba nyuma inagonga, hupewa ushauri uleule: toa bushi zote (viungo vya raba vinavyokaa kati ya chuma na chuma), weka za poliyurethani, plastiki ngumu inayonyumbuka, seti nzima, halafu chini kote piga rangi nyeusi nzito. Ni ushauri mwepesi kukumbuka, ila kwa gari hili una makosa mawili. Bushi za nyuma hazifanyi kazi moja, kwa hiyo hazifai kutengenezwa kwa kitu kimoja. Na rangi nzito juu ya kutu ni kama kuifunika blanketi: inaendelea kula huku hamuonani.

Ulinganisho huu unakwenda sehemu kwa sehemu, kwa gari linalotembea barabarani kweli: lami yenye matuta, changarawe safari za mbali, na pengine siku moja moja ya kulikimbiza kwenye mzunguko wa mbio.

Kwanza ujue gari lako limetoka wapi

Kila upande wa nyuma una shokapu moja iliyosimama na springi yake, linki mbili za pembeni zinazotoka kwenye krosimemba (boriti ya chuma inayokatiza chini ya gari) hadi kwenye kibeba-habu (kipande kinachobeba habu na beringi ya gurudumu), na linki moja ya treilingi inayotoka kwenye bodi, mbele ya gurudumu, ikirudi nyuma hadi kwenye kibeba-habu hichohicho. Linki za pembeni huzuia gurudumu lisihame kulia na kushoto. Treilingi hulizuia lisiende mbele na nyuma. Bolti moja ndefu hupenya kibeba-habu na kushika ncha za nje za linki zote mbili za pembeni kwa mkupuo mmoja. Ikumbuke bolti hiyo, maana ndiyo itakayoamua kazi yako ni ya siku mbili au ya wiki mbili.

Historia ya gari huonyesha bajeti itakwenda wapi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na GC8 za mwisho ni za mwaka 2000, kwa hiyo karibu kila GC8 iliyoko Nairobi au Nakuru imekuwa nchini tangu 2008 au kabla. Hizo kwa kawaida zina chuma kizima na raba iliyokufa: imekauka, imepasuka, imeachana na bomba lake. Gari lililotoka Uingereza, au mikoa ya Japani yenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, ni kinyume chake. Raba inaweza kuwa nzuri kiasi, lakini bolti zimegandana na mishono ya madigadi ya ndani imevimba. Gari lililokaa Mombasa, Dar es Salaam au Unguja karibu na bahari linaweza kuwa na yote mawili.

Kupima si kazi. Ingiza mtaimbo mfupi kati ya linki na krosimemba, usukume. Nyufa za juu juu kwenye raba zisikutishe. Bushi iliyokufa ni ile inayoonyesha mwanya kati ya raba na chuma, au bomba la ndani limehama kutoka katikati. Tairi ya nyuma iliyolika ukingo wa ndani tu, na gari linaloyumba mkia kidogo unapoachia mafuta katikati ya kona, ni dalili kwamba bushi za linki za pembeni zimekwisha. Kishindo kimoja unapokanyaga breki au kuondoka kwa nguvu huelekeza kwenye treilingi au mikono inayoshika difu, yaani sanduku la gia la ekseli ya nyuma. Mlio wa kokokoko kwenye mashimo madogo mara nyingi ni linki za stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), kitu cha bei ndogo kuliko vyote chini ya gari, kwa hiyo anzia hapo kabla hujaagiza seti nzima.

Bolti ndefu: kubembeleza au kukata

Huu ndio uamuzi wa kwanza, wala si wa bushi. Bolti ndefu hugandana na bomba la chuma la ndani ya bushi, na maji yakishaingia miaka kumi hugandana na tundu la kibeba-habu pia. Nunua bolti mbili mpya na nati zake kabla hujafungua kitu chochote. Mwenye bolti mpya mkononi hukata ya zamani bila kinyongo. Asiyekuwa nazo hupiga nyundo siku nzima, akaharibu na kibeba-habu.

Kubembeleza kunafaa gari la nchi kavu. Safisha ncha zote mbili kwa brashi ya waya, mwagia mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne, ndipo ulegeze nati. Usiitoe nati yote: iache ikiwa sawasawa na ncha ya bolti, ili ukigonga upige nati, usifumue meno. Kisha shika kichwa cha bolti uzungushe, mbele kidogo na nyuma kidogo. Hapo uangalie vizuri. Bolti ikizunguka na bushi imetulia, utashinda. Endelea kuzungusha huku mwenzako akigonga kwa nyundo ya shaba. Bolti ikizunguka na raba ya bushi ikajipinda pamoja nayo kisha ikarudi kama springi, bomba limeshikana na bolti, na hakuna mafuta yatakayofika huko. Acha kupoteza wakati.

Moto husaidia ikiwa bushi zinatupwa hata hivyo, lakini beringi ya gurudumu na sensa ya ABS ziko karibu sana, na raba inayoungua hutoa moshi mbaya na kuwaka ghafla. Hita ya induksheni ina usalama zaidi kuliko mwali wa gesi kwa sababu joto lake hubaki kwenye chuma ulichokizungushia.

Kukata ni kwa msumeno wa umeme wenye bledi ndefu ya chuma, unaopita kati ya linki na kibeba-habu. Kila linki ni mkato mmoja, yaani miwili kwa upande mmoja wa gari. Grainda hufika kwa shida na hula kibeba-habu. Baada ya hapo kipande cha katikati kinabaki ndani ya kibeba-habu, nacho hutolewa kwenye presi ya haidroliki ya tani 20, si kwa nyundo juu ya stendi. Ili kibeba-habu kifike kwenye presi, lazima nati ya ekseli itoke. Ni namba 32, nayo ilegezwe gari likiwa bado limesimama kwa matairi na breki ya mkono imevutwa. Ukishailegeza usilisukume gari hata hatua mbili, maana beringi iliyobebeshwa uzito bila kubanwa na nati hiyo huumia.

Sensa ya ABS itoe mapema, au ikatae mapema. Bolti yake ndogo hukatika kichwa kwa urahisi, na sensa yenyewe hushikwa na kutu kwenye tundu lake kiasi kwamba ukiivuta kwa koleo unabaki na plastiki mkononi. Kama haitoki, kata shauri kuibakiza kwenye kibeba-habu na kuchomoa waya kwenye kiungio chake kule ndani.

Bushi: vitu vinne, kazi tofauti

Raba ya kiwandani imegundishwa kwa bomba la ndani na ganda la nje. Haizunguki, gurudumu likipanda na kushuka, raba yenyewe ndiyo inayojisokota. Kwa hiyo haihitaji grisi na haiingiwi na vumbi, ila ina urefu wa maisha yake. Udhaifu wake ni kwamba husogea kila upande, hata ule usioutaka.

Raba ngumu ya Group N (jina la daraja la mashindano ya magari ya kiwandani), inayouzwa na STI, kitengo cha mashindano cha Subaru, imejengwa kwa namna hiyohiyo ila raba ni ngumu zaidi. Ndilo chaguo ambalo watu hulipita haraka kwa sababu kwa macho halionyeshi tofauti. Haina rangi ya zambarau.

Poliyurethani huja vipande viwili na bomba la chuma katikati. Yenyewe hutulia, bomba huzunguka ndani yake kwa msaada wa grisi. Ugumu wake hupimwa kwa Shore A: zile za zambarau za Powerflex za barabarani ni 80, nyeusi za mashindano ni 95. Kwa mzunguko wa kwenda na kurudi kwenye mhimili mmoja ni nzuri mno, na gurudumu halihami. Tatizo huja bomba linapotakiwa kuinama, yaani kwenda mshazari. Hapo poliyurethani hukaza, hubana, na nguvu hiyo huhamia kwenye kile kilichoshika bomba.

Boljointi za mashindano, yaani viungo vya tufe la chuma ndani ya chuma, hazina mchezo hata kidogo na huinama upande wowote bila kubana. Pia hazina kitu cha kumeza mtikisiko, na vumbi la changarawe ni msasa kwao. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Nyuma ya magari yale kulikuwa na mafundi waliokagua na kubadilisha vitu kila kituo cha huduma. Gari lako litaonana na fundi mara mbili kwa mwaka.

Sasa mahali kwa mahali. Linki za pembeni, ncha za ndani kwenye krosimemba, karibu kazi yake yote ni kuzunguka kwenye mhimili mmoja. Hapa poliyurethani ya barabarani inalipa: gurudumu la nyuma halibadilishi mwelekeo kila unapobana kona, na hicho ndicho kitu dereva wa Impreza iliyochoka hukihisi kwanza baada ya kazi. Ncha za nje ni vivyo hivyo kwa kiasi kikubwa.

Treilingi ni habari nyingine kabisa. Ncha yake ya mbele imefungwa kwenye bodi, nayo linki hupanda na kushuka kwa duara lake, wakati kibeba-habu kinafuata duara la linki za pembeni. Duara hizi mbili hazilingani, kwa hiyo kila gurudumu linapopanda, bushi za treilingi hulazimika kuinama mshazari. Raba hukubali. Poliyurethani ya kawaida hukataa, na matokeo yake ni nyuma inayoruka ruka kwenye matuta, shokapu zinazolaumiwa bure, na bracketi ya bodi inayobebeshwa mzigo ambao haikuundiwa. Bracketi hiyo iko mwishoni mwa kizingiti cha mlango, mahali ambapo Impreza hupenda kuota kutu. Weka raba ya kiwandani au Group N hapo, hata kama seti ya poliyurethani uliyonunua ina kipande chake kwenye boksi. Wapo watengenezaji waliotoboa mianya kwenye poliyurethani ya treilingi ili iiname. Hiyo ni afadhali, lakini bado raba ngumu inaishinda kwa gari la barabarani.

| Mahali | Kila siku, mashimo na changarawe | Barabarani na mzunguko mara chache | Mashindano tu |
|---|---|---|---|
| Linki za pembeni, ndani | Raba au poliyurethani 80 | Poliyurethani 80 | Boljointi |
| Linki za pembeni, nje | Raba | Poliyurethani 80 au Group N | Boljointi |
| Treilingi, ncha zote | Raba | Group N | Boljointi |
| Mikono ya difu | Raba | Group N | Poliyurethani 95 |
| Stabilaiza | Poliyurethani | Poliyurethani | Poliyurethani |

Kuhusu difu: poliyurethani ngumu kwenye mikono yake huleta mlio wa gia ndani ya gari, sauti ya kuimba inayoanza mwendo wa katikati na isiyokwisha. Wengine hudhani difu imekufa. Na ukiwa umeishusha, badilisha mafuta yake: lita 0.8 kwa difu ya R160 iliyo kwenye WRX nyingi, lita 1 kwa R180 ya WRX STI za GD, daraja GL-5 75W-90. Fungua kifuniko cha kujazia kwanza, kabla ya kile cha kumwagia. Ukimwaga kisha ukakuta cha kujazia kimegandana, una gari lisilotembea.

Kutoa na kuingiza

Bushi ya raba hutolewa vizuri kwa presi kama ganda la nje halijashikwa na kutu. Likigoma, toboa raba kuzunguka bomba kwa drili hadi katikati idondoke, kisha pitisha bledi ya msumeno wa chuma ndani ya ganda na ukate ukielekea nje, ukisimama mara tu unapoona ganda limeachana. Mkwaruzo mdogo kwenye tundu la linki si msiba. Mfereji wa milimita moja ni msiba, kwa sababu bushi mpya haitakaa na kutu itaanzia pale. Kisha ganda likunje ndani kwa patasi.

Kabla ya kuitoa, chora alama kwenye linki kuonyesha mianya ya bushi imeelekea wapi. Bushi za treilingi zina upande laini na upande mgumu. Ukiziweka zimegeuka robo duara, gari litatembea lakini halitakuwa lenyewe.

Asiye na presi atumie jiliwa imara, au fimbo yenye meno ya M12 daraja 8.8, washa nene, na soketi mbili: moja ya kusukuma ganda la nje, nyingine pana ya kupokea. Bushi mpya ilaze kwenye friza usiku kucha, tundu lisafishe kwa msasa namba 120, upake maji ya sabuni. Kamwe usipake grisi ya kawaida ya beringi kwenye raba: mafuta ya petroli huivimbisha na kuilainisha, ikafa kabla ya mwaka. Poliyurethani nayo hupakwa grisi ya silikoni inayokuja kwenye boksi, nyingi, ndani na kwenye mashavu yake. Mlio wa kukwaruza kama mlango wa zamani baada ya miezi sita maana yake grisi imekwisha. Fungua bolti, vuta bomba, paka tena. Kwa njia za vumbi hesabu kazi hiyo kila mwaka.

Linki zako, za mtumba, au mpya za kurekebishika

Linki za kiwandani zikiwa zimenyooka, zisafishe uzitumie. Zilaze juu ya kioo kinene kuona kama zimepinda, maana gari lililowahi kuteleza na kugonga ukingo wa barabara hupinda linki kabla ya kitu kingine. Angalia pia pale chuma kilipochomelewa kwenye pete ya bushi. Kutu ikishatoboa hapo, hiyo ni chuma chakavu, usiipake rangi.

Za mtumba kutoka Japani, zinazouzwa zikiwa zimekatwa pamoja na krosimemba, ni rahisi, na mara nyingi ndiyo njia nzuri ya kupata kibeba-habu au krosimemba nzima. Lakini bushi zake zina umri sawa na zako. Anayekuuzia kama "imekamilika, funga tu" anakuuzia kazi ileile mara ya pili. Kagua kama bolti ndefu inazunguka kabla hujalipa.

Mpya za kurekebishika urefu zina maana kwa mtu mmoja tu: aliyeshusha gari, akapata kemba nyingi mno upande wa nyuma, yaani magurudumu yameinamia ndani kwa juu. Kwa gari lililo kwenye kimo chake cha kawaida hazikuongezei kitu ila meno ya kurekebishia ambayo chumvi na matope vitayagandisha. Ukizifunga, jaza grisi kwenye meno na uyafunike.

Shokapu kwa ufupi: za aina ya kiwandani, kama za KYB, zinatosha kabisa kwa bushi mpya. Seti za kupandisha na kushusha huja na springi ngumu na safari fupi. Kwenye matuta ya mitaani zinagonga mwisho, na mchanga hula meno yake. Unapozitoa, usiguse nati ya katikati juu ya shokapu kama springi haijabanwa kwa vibanio viwili.

Tumbo: nta, lami, rangi ya unga au epoksi

Kabla ya rangi, tafuta kutu ilipo kweli. Kwenye Impreza angalia mshono wa madigadi ya ndani na ya nje nyuma, mahali shokapu inaposhikwa juu, mwisho wa vizingiti karibu na bracketi ya treilingi, sehemu za kupigia jeki, mikanda ya tangi, na bomba la kujazia mafuta lililojificha nyuma ya plastiki upande wa kulia. Hilo la mwisho huoza kimyakimya kwa sababu plastiki hushikilia matope. Harufu ya petroli baada ya kujaza tangi ndiyo taarifa yake. Gonga kila sehemu kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti butu.

Palipotoboka panachomelewa, hapapakwi kitu. Tangi litoke, betri na kompyuta ya injini zichomolewe, zulia na sponji za ndani ziondolewe. Palipo na mzigo kama pale juu ya shokapu, tumia bati la milimita 1.2, ukikata hadi chuma safi. Kiraka kilichoshikwa na ukingo wa kutu kitaachia mwaka unaofuata.

Krosimemba na linki zikiwa chini, machaguo ni haya. Rangi ya unga iliyookwa inapendeza sana siku ya kwanza. Huokwa nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, kwa hiyo bushi zote lazima zitoke. Ila ni ngumu, na kokoto ikiivunja kidogo maji huingia chini yake na kutembea, ngozi ikabaki nzima huku chuma kikiliwa. Pia ni nene. Ikiachwa kwenye nyuso ambazo bolti hubana, hukandamizika baadaye na bolti ikalegea bila nati kuzunguka. Ukiichagua, ziba nyuso hizo zote na matundu yote ya bushi.

Praima ya epoksi ya vipande viwili, makoti mawili, kisha rangi ya chasisi juu yake, haing'ai vile, lakini hushika chuma na ikichubuka unaipaka kwa brashi nyumbani. Kwa gari litakalotembea kwenye changarawe ndiyo bora, bila ubishi mwingi. Kuzamisha kwenye zinki ya moto kunahitaji joto la nyuzi 450 hivi, na krosimemba ni sanduku la bati jembamba: linaweza kupinda, na tindikali ya kusafishia hubaki ndani ya mikunjo. Iache kwa mageti.

Kusafisha kwa kupiga mchanga ni haraka, lakini ziba matundu ya krosimemba kwanza, la sivyo utakuwa ukisikia mchanga ukihama ndani yake kila kona. Fundi avae barakoa kamili. Vumbi la mchanga wa mtoni huharibu mapafu. Dawa ya kugeuza kutu hufanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyoshikamana, haiwezi kupenya magamba. Bolti zenye alama 10.9 kichwani usizipeleke kupakwa zinki kwa umeme kwa fundi asiyezioka baadaye, kwani haidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu na bolti hukatika ghafla ikiwa imebanwa. Nunua mpya.

Kwa bodi yenyewe ushindani ni kati ya lami na nta. Lami ya kunyunyizia huzuia kokoto na sauti, lakini huzeeka, hupasuka, na ufa mmoja hugeuka mfuko wa maji. Itumie ndani ya madigadi tu, juu ya epoksi, kamwe si juu ya chuma kitupu. Nta hubaki laini, hujifunga yenyewe na hukuruhusu kuona kilicho chini. Ubaya wake ni kwamba kwenye joto la pwani huchuruzika gari likisimama juani, kwa hiyo huongezwa kila mwaka. Ndani ya vizingiti na krosimemba, nta ya bomba refu haina mpinzani. Hakikisha tu matundu ya kutolea maji yanabaki wazi.

Kisha ipo desturi ya kunyunyizia oili chafu chini ya gari. Inazuia kutu, ni kweli. Inavimbisha pia bushi mpya, inashika vumbi hadi hujui bolti iko wapi, na ikifika kwenye breki utajua mlimani.

Mabomba ya breki yaliyo juu ya krosimemba na tangi yabadilishe sasa, wakati yanafikika. Ya chuma huoza tena. Ya shaba tupu hupindika kirahisi lakini hukakamaa na kuchoka kwa mtikisiko. Ya mchanganyiko wa shaba na nikeli ndiyo ya kuchukua. Kipimo ni milimita 4.75, nati M10 yenye meno ya 1.0, na mdomo uwe ule uliokunjwa mara mbili.

Kurudisha

Kabla ya kufungua lolote ulitakiwa kupima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, pande zote, na kuandika. Sasa namba hiyo ina kazi. Bolti zote za bushi za raba zikazwe kwanza kwa mkono tu, kisha inua kibeba-habu kwa jeki hadi kipimo kilekile kirudi, ndipo ukaze kwa spana ya kipimo kwa namba za kitabu cha mwaka wa gari lako. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, raba itaishi maisha yake yote ikiwa imesokotwa, na itapasuka ndani ya miezi michache. Kosa hili huua bushi mpya kuliko mashimo. Poliyurethani haijali, kwa kuwa bomba huzunguka, lakini ukiwa umechanganya vyote viwili, kaza vyote kwa kimo cha gari.

Bolti ndefu mpya ipake grisi ya kuzuia kugandana kwenye kiwiliwili chake tu, pale kinapopita ndani ya mabomba. Meno yabaki makavu. Meno yenye grisi hudanganya spana: kwa namba ileile, bolti huvutwa zaidi ya inavyostahili.

Bolti ya kamu kwenye ncha ya ndani ya linki ya pembeni ya nyuma ndiyo inayorekebisha too, yaani magurudumu yanavyoelekea ndani au nje. Irudishe kwenye alama uliyotakiwa kuichora kabla ya kuifungua, endesha kilomita 100 hadi 200 ili vitu vijikalie, kaza tena, ndipo upeleke alaimenti ya magurudumu manne. Mahali wanapopima ya mbele peke yake hapakufai: nyuma ikiwa imeelekea pembeni, fundi atanyoosha usukani kwa kupinda mbele, na gari litakwenda moja kwa moja likiwa limekaa mshazari kama kaa.